Nyuma ya Pazia la Fundi Saa

9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi ulichokitaja kwenye simu kiwe kimekuachia. Mama hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua akipanda ngazi. Baba ukimtazama utasema hajambo, anakula, anatania, anasoma gazeti mpaka matangazo ya misiba. Lakini mikono yake ndiyo hiyo hiyo.

Ninayotaka kukueleza sikuweza kuyasema kwenye simu, kwa sababu kwenye simu wewe hucheka, nami hucheka nawe, tukikata hakuna kilichosemwa.

Unajua mikono ya Baba ilivyoanza kutetemeka. Nimeangalia katika daftari langu. Ilikuwa tarehe 14 Machi, miaka tisa iliyopita, siku aliyoangusha gurudumu la saa ya mwalimu mkuu tukalitafuta sakafuni kwa magoti mpaka jioni. Tangu siku ile hajafungua saa yoyote. Ninazifungua mimi. Usichokijua ni jinsi tunavyofanya kazi.

Mteja akija, mimi niko kaunta. Nikimwambia nitaitengeneza mimi, mwanamke, anairudisha saa mfukoni. Basi Baba akabuni njia. Tulitundika pazia, tukaiweka meza ya kazi nyuma yake. Mteja akija namwambia, ngoja nimpelekee mzee. Naingia nyuma ya pazia, Baba yuko hapo na chai yake, mimi nakaa, navaa lenzi jichoni, nafanya kazi. Baba anakohoa kidogo ili asikike. Nikimaliza natoka. Juzi dereva mmoja alinionya nisiiguse saa yake hata kidogo, nimpe mzee moja kwa moja. Nilipomrudishia aliiweka sikioni, akafumba macho, akasema mkono wa mzee haujifichi. Nyuma ya pazia Baba alicheka mpaka chai ikampalia. Zamani nami nilikuwa nacheka.

Sasa Baba anasema anataka kukabidhi duka kabla hajachoka kabisa, na akisema hivyo anataja jina lako. Mimi ana namna yake ya kunisifu, husema nimekuwa msaada mkubwa. Mdogo wangu, sitaki kitu kingine cha Baba. Nyumba, shamba, hata ile redio, vyote chukua. Nataka duka liwe langu, kwa jina langu, niling'oe lile pazia. Baba ananipenda, lakini anakusikiliza wewe. Mwandikie mistari miwili tu, umwambie anikabidhi mimi duka.

Dada yako


2 Machi

Dada Lenzi,

Shikamoo dada yangu. Barua yako imenikuta nimetoka kazini, nikaisoma na koti mwilini. Kikohozi kimeisha, kimebaki cha kuombea ruhusa kazini. Mpe Mama pole ya magoti.

Umenichekesha na huyo dereva, halafu ukanihuzunisha. Haya mambo ya huko nyumbani yamepitwa na wakati. Hapa kwenye kiwanda chetu cha kufulia mashuka ya hospitali, msimamizi wetu ni mwanamke, mfupi kuliko Mama, na akisema sogeza mashine, mijitu yenye ndevu inasogeza. Hakuna anayeshtuka. Mimi mwenyewe nampenda, kwa sababu ni mtu wa haki.

Duka ni lako. Mimi hata betri ya saa siwezi kubadilisha, utanikuta nimeiweka kichwa chini. Usiwe na wasiwasi, wiki hii hii namwandikia Baba, na nitaandika kwa herufi kubwa ili asisingizie macho.

Mdogo wako


20 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani? Sisi tuzima, ila Baba amepungua. Nguo zinamzidi. Daktari amesema moyo, akampa vidonge na onyo la chumvi, na vyote viwili Baba anavificha.

Nakuuliza bila lawama, ulimwandikia? Posta naenda mimi, na sijaona barua yako kwa Baba. Kila nikirudi ananiuliza kama kuna yake kutoka kwako. Anauliza huku anatazama pembeni, kama mtu anayeulizia hali ya hewa. Nadhani amekukumbuka. Mwandikie hata kama si kwa jambo langu.

Mwenye nyumba amekuja. Mkataba wa chumba cha duka unaisha Desemba, na anataka kujua ataandikishana na nani. Baba alimwambia avute subira, jibu liko njiani. Nilipomuuliza ni jibu gani, akaniambia nikamalizie saa ya ukutani ya zahanati.

Duka lina kazi nyingi. Nimefufua saa ya mwalimu mstaafu iliyolala miaka sita. Alimletea Baba ndizi. Baba alinipa zote, akabakisha moja, akasema hiyo ni ya kukohoa.

Dada yako


30 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na poleni na hali ya Baba. Mpe hizi salamu ukiwa umemshika mkono, najua atajifanya hajazisikia.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi imenibana, wametuongezea zamu. Barua ya Baba niliianza, nikaona jambo kama hili linahitaji mtu na mtu, macho kwa macho. Kuandika tu ni kama kumwamuru mzazi. Nami nina mpango wa kuja Januari, karatasi zangu za ukaazi zikikamilika.

Halafu dada, fikiria. Kwa vitendo mwenye duka si wewe? Ufunguo unao wewe, meza unakalia wewe. Jina ni jina tu. Nikiwa mmiliki mimi au ukiwa wewe, kesho asubuhi saa zitapona vile vile. Usijichoshe moyo.

Mdogo wako


11 Septemba

Mdogo wangu,

Pole, na mimi unipe pole. Kwenye simu ulilia, nami sikuweza kukueleza mambo yalivyokuwa, basi nakuandikia kwa mpangilio ili na wewe uwe umehudhuria.

Baba alifariki Jumanne tarehe 2, mchana, kwenye kiti chake nyuma ya pazia. Nilikuwa naongea na mteja. Nilisema kwa sauti, mzee, huyu bwana anauliza itakuwa tayari lini, nikangoja akohoe. Sikusikia kitu. Nikasema tena.

Tulimzika Alhamisi. Watu walikuwa wengi mpaka barabarani. Mwalimu mstaafu alisimama akasema mikono kama ile haitapatikana tena, kwamba hata mwaka huu mzee akiwa mgonjwa alimfufulia saa iliyoshindikana mjini. Watu wakaitikia. Nilikuwa nimeshika sufuria ya maji.

Jumamosi Baba Mdogo aliita kikao cha ukoo. Nyumba ni ya Mama, hilo halikuwa na maneno. Duka wakasema ni lako. Nikaomba kusema. Nikasema saa zote za miaka tisa ni mimi niliyezitengeneza, yule aliyesifiwa kaburini kwa saa ya mwalimu ni mimi. Hakuna aliyenifokea, afadhali wangenifokea. Baba Mdogo alinishika bega kwa upole, akasema, "Binti yangu, usimvue marehemu kazi yake."

Nilimtazama Mama. Mama anajua, ndiye aliyeshona lile pazia. Alikuwa anatazama mkeka. Baadaye jikoni aliniambia angesema nini, mwanamume wa watu yuko kaburini siku mbili, amwite mwongo mbele ya ndugu zake? Nami nilisema uwongo ule ule kila siku, kwa kinywa changu, na nilikuwa stadi.

Basi sasa ni wewe tu. Andika barua kwamba umeniachia duka, uipeleke ikapigwe mhuri, uitume. Mwenye nyumba hataandikishana na mtu asiye na karatasi, na mwisho ni Desemba 31. Wateja nao wananiuliza ni nani atakayetengeneza sasa. Wananiuliza mimi, na lenzi iko kwenye paji la uso wangu.

Dada yako


15 Oktoba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sina hamu ya chakula, sina hamu ya kitu. Wenzangu kazini walinichangia maua, sikujua niyaweke wapi.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Baba Mdogo naye amenipigia. Nimemwambia asimamie karatasi za duka kwa jina langu kwa sasa, ni taratibu tu, ili ukoo utulie. Tusianze kugombana na udongo wa kaburi haujakauka. Januari nikija tutakaa, mimi na wewe, tutapanga vizuri. Mpaka hapo wewe ndiye fundi mkuu, na nimemweleza Baba Mdogo hivyo hivyo, asikuingilie.

Niamini, dada. Hujawahi kuona nikikunyima kitu.

Mdogo wako


4 Novemba

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima.

Jana nilikuwa napanga vitabu vya risiti vya duka. Baba alikuwa anaandika kila risiti juu ya karatasi ya kaboni, nakala ya chini inabaki kitabuni. Kumbe barua zake nazo aliziandika hivyo hivyo, katikati ya risiti. Nimezikuta. Ipo ya kwenda kwa daktari akilalamikia vidonge. Na ipo hii, ya tarehe 27 Februari. Mwandiko umetetemeka lakini unasomeka. Nakunakilia ilivyo.

"Mwanangu, dada yako ndiye anayefanya kazi yote hapa dukani, tangu mikono yangu iliponikataa. Mimi nakaa tu. Nimeona haya kusema kwa watu, maana ningeonekana nimelishwa na binti yangu. Sasa nataka duka liandikwe jina lake nikiwa hai. Lakini wewe ndiye mwanangu wa kiume, na sitaki baadaye useme nilikupita. Niambie neno moja tu kwamba umeridhia, niende kwa mwenye nyumba. Dada yako sijamwambia, nisije nikampa tumaini kisha ukakataa."

Lazima alimpa fundi viatu wa jirani aipeleke posta, kwa sababu mimi sikuiona.

Nimerudi kwenye daftari langu. Tangu Machi mpaka Agosti Baba aliniuliza mara kumi na tisa kama kuna barua yake kutoka kwako. Mimi niliandika kila mara kwamba amekukumbuka. Mara ya mwisho ni Agosti 30, Jumamosi. Nilimjibu hakuna. Akasema labda Jumatatu.

Kwa hiyo hakuna aliyekataa. Baba aliridhia, akakuuliza wewe. Mimi nilikuomba wewe. Tulikuwa chumba kimoja, mimi na yeye, tumetenganishwa na meza, kila mmoja anangoja posta.

Sitaki maelezo marefu. Niambie tu kama ile barua ilikufikia.

Dada yako


19 Januari

Dada yangu,

Shikamoo, kama bado unaipokea.

Ilinifikia. Ilikuja siku chache baada ya mimi kukujibu yako ya kwanza. Niliisoma nimesimama kando ya mashine ya kukaushia. Mwanzoni nilifurahi, nikasema kazi imeisha, Baba mwenyewe ameamua. Nilikuwa nianze kuandika jioni ile. Kisha nikaogopa.

Nilikuandikia kwamba jina ni jina tu. Ulikuwa uwongo. Hapa mimi ni namba iliyoshonwa kwenye koti. Nikiulizwa na wenzangu kwetu nina nini, nasema kuna duka la saa, la baba yangu, litakuwa langu. Hilo neno nimelitembelea kama fimbo miaka saba. Nilipoona natakiwa kuandika kwamba si langu, mkono haukuandika. Nikasema kesho. Baba hakuuliza mara ya pili, nami nikashukuru kwamba hakuuliza.

Sikuwahi kukataa, dada. Hilo ndilo lililonilaza usingizi miezi yote. Nilijiambia mtu asiyekataa hajadhulumu.

Msimamizi wetu ninayemsifu, wiki iliyopita wamemteremsha, wakampandisha kijana niliyemfundisha mimi kukunja mashuka. Nilimwambia si haki. Alinitazama akauliza, "Ulisema hivyo kwa nani?" Nilikuwa nimesema kwake peke yake.

Ndani ya bahasha kuna hati. Imepigwa mhuri na mwanasheria. Duka, vifaa, jina la biashara, vyote ni vyako, si kwa muda wala kwa masharti. Najua Desemba imepita, na mimi mwenyewe sikuweza kuja, karatasi bado. Natumaini mwenye nyumba alisubiri.

Nisamehe.

Mdogo wako


16 Februari

Utaona sijaanza na salamu.

Bahasha imefika tarehe 12. Mwenye nyumba hakusubiri. Desemba 29 nilimwendea na mkataba wa zamani nikamwomba niandikishe mimi. Si mtu mbaya, alivaa miwani akasoma zile karatasi zote kwa utaratibu, akaniuliza, "Wewe uko wapi humu?" Baba Mdogo alisema hawezi kukufunga kwa mkataba wa miaka mitatu bila neno lako. Alikupigia simu mara mbili, hukupokea. Tarehe 2 Januari tulitoa vitu. Sasa pale wanauza viatu vya watoto.

Saa za wateja zilizokuwa mezani zilikuwa ishirini na tatu. Nilizimalizia kwa Mama, juu ya meza ya chakula, kisha nikampelekea kila mtu yake nyumbani. Mwanamke mmoja, muuguzi, alinishika mkono akaniuliza kama mzee aliwahi kuimaliza yake kabla hajafa. Nilikuwa nimeimaliza asubuhi ile. Nilikuwa nimechoka, na alikuwa ananitazama kwa huruma. Nikamwambia ndiyo.

Jumatatu naanza kazi kwenye duka la miwani. Nitakuwa nauza fremu. Fundi wanaye.

Hati yako nimeisoma. Haina kosa hata moja, jina langu limeandikwa kamili, na kando yake pameandikwa mmiliki. Nimemsomea Mama. Akaniomba nimsomee tena pale kwenye jina, nikamsomea, akaenda kulala saa kumi na moja jioni bila kula.

Nimekusamehe? Nimejiuliza, nikafungua daftari nikaandika tarehe, nikashindwa kuendelea. Usiandike kwa sasa. Siku nitakayokuuliza hali yako na nikawa nataka kweli kuijua, nitakuandikia mimi.

Mama anakusalimu.

Dada yako