Gari la Mzee wa Kosovo

Mama Njeri wangu,

Joto la Riyadh linakausha hata mate. Leo abiria wangu alikuwa injinia wa Kosovo, kule kunakogombaniwa. Yeye ni Mserbia, na Waserbia huko ni wachache. Chama chao kiliwaambia wakatae namba pleti za serikali ya Kosovo, wasiyoitambua. Baba yake akatii. Gari limekaa uani na namba yake ya zamani ya Serbia, iliyopigwa marufuku barabarani, haliendi popote, lakini mzee huliosha kila Jumapili. Alinionyesha picha, kisha nikamshusha mtaa wa Malaz.

Ile pikapu yetu niliyosema uuze, usiuze. Ipanguse vumbi, unitumie picha ukiwa umeegemea mlango. Na umwambie Njeri kiti cha dereva bado kina mwenyewe.

Baba Njeri