Mashini Yenye Sauti Yangu

Jumanne, 1 Oktoba 2024

Leo Valentin, mkurugenzi wetu, amesema bila aibu: televisheni inakufa. Vijana wa Goma wanatazama habari kwenye simu. Umeme ukikatika, simu inaendelea. Kwa hiyo mwisho wa wiki hii habari za saa moja jioni kwa Kiswahili zitafungwa. Habari zangu! Nimezisoma tangu studio yetu ilipokuwa chumba kimoja chenye pazia la kijani.

Halafu akatabasamu. Kuna mashini, anasema, inaweza kuchukua uso wangu na sauti yangu ikasoma habari kwenye simu kutwa nzima. Walijaribu sauti nyingine, watu wakazikataa. Wanamtaka Apolline, yaani mimi.

Nilitaka kukasirika. Lakini — niseme ukweli — kichwa kilivimba. Hata mashini inanihitaji!

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimesoma mbele ya kamera ya Olivier, mpiga picha wetu, asubuhi nzima, na kile kilemba changu cha bluu. Mchana mashini ikaongea. Ni mimi kabisa! Mpaka ile namna yangu ya kuvuta pumzi kabla ya kusalimia. Jirani yangu Asha anasema yule wa kwenye simu ni mzuri kuliko mimi. Mchokozi huyo.

Kitu kimoja sijakipenda. Matangazo ya vifo sasa yatatumwa kwa WhatsApp, Patricia, msichana wa kompyuta hapa studio, atayaweka kwenye mashini, nayo itasoma. Mimi sisomi kifo mpaka mtu wa familia aketi mbele yangu, aniambie kwa kinywa chake nani amekufa na matanga yako wapi. Ndiyo maana mjini hapa watu hawaendi kulia kabla sijasema. Valentin amejibu: Mama, hiyo ni kazi ya zamani. Nikamwachia. Nilikuwa bado najitazama kwenye simu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Aibu! Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, Asha akaja mbio na simu yake. Nikajiona natangaza kifo cha muzee Baharanyi, muuza viazi wa mtaa wa Mapendo. Namjua! Nimelia kweli, kwa tangazo la kinywa changu mwenyewe. Nikajifunga kitenge, nikaenda kwake.

Barabara imejaa watu, akina mama wanaomboleza, viti vimeshapangwa. Na mlangoni amesimama Baharanyi, mzima, amefura kwa hasira.

— Miye nilikufa lini? Batu mwaka hii bamekuwa aje?

Wote wakanigeukia. Mama mmoja akasema nimeuza mdomo wangu. Limeniuma hilo. Sikula.

Ijumaa, 11 Oktoba

Patricia amelia, maskini. Watoto wa marehemu, kule kijijini Kibumba, walituma picha ya ndugu wawili na maneno machache tu: famille Baharanyi inalia papa, yaani ukoo wa Baharanyi unamlilia baba. Akamchagua aliyeonekana mzee zaidi. Kumbe aliyekufa ni mdogo wake, Nizeyimana. Anazikwa kesho asubuhi, na matanga ya Kibumba hayana watu. Wote walikuja kumlilia aliye hai!

Valentin ametaka mashini iombe msamaha, mambo yaishe. Lakini Baharanyi amekuja studio mwenyewe, amevaa koti.

— Hapana, mutoto yangu. Huyu mama njo aliniua, yeye njo atanifufua. Na aseme jina ya ndugu yangu, batu baende kumuzika.

Nikasema: leo saa moja nasoma mimi, live. Na ile sauti yangu ifutwe. Kwa kusoma, Valentin amekubali. Kwa kufuta, amekuna kichwa.

Olivier akauliza kwa upole:

— Mama, batajuaje ni weye? Batasema tena ni mashini.

 Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuuliza kama Apolline ni Apolline. 

Baharanyi ndiye aliyecheka. Kicheko cha mtu aliyefiwa, lakini kicheko.

— Miye, banasema nilikufa. Weye, banasema uko mashini. Tuingie bote wawili.

Basi tumeingia. Naandika hapa nyuma ya meza ya habari, daftari juu ya goti. Poda nimekataa. Wayaone haya makunyanzi, nimeyapata kwa kazi. Muzee ameketi kando yangu, picha ya Nizeyimana kifuani. Jenereta inanguruma uani, na nje wamejaa watu wa Mapendo wanaotaka kuona kama nitatoka kwa mlango huu huu nilioingilia. Naogopa. Na sijawahi kujivunia kiti hiki kama leo.

Valentin amesimama mlangoni, simu mkononi, na ndani ya simu ninasikika, ninasoma bei ya mafuta. Bado hajanizima. Inasoma vizuri, siikatalii. Lakini haijui uzito wa mkono wa huyu mzee ndani ya mkono wangu.

Olivier ananiashiria nifunge daftari —