Kiti cha Khisa Dukani

Kwako dada Moreen,

Pokea salamu za mwanamume mwenye akili kuliko wote mtaani Kisenyi. Hapa nikipiga chafya, bei ya beringi inapanda. Mguu wa mama unaendeleaje? Watoto wamepona kikohozi? Mimi ni mzima, nimenenepa, na wasichana wa chapati wananigombania.

Habari kubwa ni ya duka letu la spea za magari. Ng'ambo ya barabara limefunguliwa duka lingine la spea, jipya, bei chini. Wateja walipoanza kuvuka, tajiri wetu Haji Yasiin akashikwa na homa ya sheria. Asubuhi tunaweka kidole kwenye mashine ndiyo ijulikane tumefika. Kila muuzaji ana tageti, yaani mauzo ya kufikisha. Kamera ziko hadi mlangoni. Na ule mtindo wetu wa kumkalisha mteja kwenye benchi, kumpa maji, kisha kukimbia kwa jirani kuchukua spea usiyo nayo na kuiuza kama yako, umepigwa marufuku. Haji alisema atakayeonekana kwa wale wapinzani asirudi.

Na nani akawekwa kutusimamia? Khisa wetu wa nyumbani! Eti anauza sana na anaandika Kiingereza. Picha yake ikabandikwa ukutani, amekenua meno yote. Sawa, ndiye aliyenitafutia kazi, lakini lazima kila mteja amwulizie yeye? Hata wewe ukipiga simu unaanza na Khisa hajambo. Kwani mimi ni benchi?

Basi furahi, kiti chake cha usimamizi ni changu sasa. Wiki jana kamera ilimwona Khisa akitoka duka la ng'ambo. Haji akamwuliza mbele yetu kama anawauzia wale siri ya bei zetu. Akafukuzwa.

Lakini dada, kuna jambo. Siku ile nilikuwa na mteja wa Ggaba, tageti yangu imelala, na beringi aliyotaka hatuna. Mimi ndiye niliyembembeleza Khisa akanichukulie kule, maana mwenyewe niliogopa. Haji alipouliza, Khisa hakunitaja; alinitazama, akingoja niseme mwenyewe. Wivu ukanishika mdomo. Nikatazama viatu.

Amepanda basi la kurudi nyumbani. Akifika, mpe chai. Najua hatakuambia, ndiyo maana nakuambia mimi.

Msalimie mama, mwambie nakula vizuri.

Mdogo wako,
Wandera