Kwa Kaka Deo, Kuhusu Fyuzi ya Bajaji

Kaka Deo,

Shikamoo. Najua simu unayo na namba yangu hujaifuta, lakini haya ninayotaka kukuambia nimeagizwa niyaseme hadharani, na aliyeniagiza ni mama. Ndiyo maana nakuandikia barua ambayo madereva wote wa kijiwe chetu cha Katandala, hapa Sumbawanga kwenye baridi, wataisikia kabla haijakufikia. Wewe uko huko Muze, unatengeneza umeme wa pikipiki kwenye joto la bondeni, wewe mtu wa sweta mbili.

Unakumbuka Jumamosi ile tuliyofunga taa mbili za njano? Bajaji ilikuwa na wiki moja tu mikononi mwangu. Taa iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa haifui dafu kwa ukungu wetu wa masika. Ukitoka asubuhi, unaona tairi la mbele tu. Ulitandika gunia uani kwa mama, ukalala chali, ukazifunga chini kabisa ya bampa. Mimi nilitaka zikae juu, pembeni mwa kioo, zionekane.

"Zionekane na nani?" ukaniuliza. "Ukungu ukiumulika kwa juu unakurudishia mwanga machoni. Tuziweke chini, uone barabara."

Kisha ukaanza somo. Waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi ya kukata umeme ukizidi, swichi yake peke yake, na kwamba fyuzi ikikatika usiilaumu, uiulize kwa nini imekatika. Ulieleza mpaka nikapiga miayo. Ulipomaliza ukampakia mama, ukamzungusha mtaa mzima mchana kweupe taa zikiwaka, naye anapungia majirani mkono kama bibi harusi. Nilikupenda sana siku ile, kaka, ila sikusema.

Ujuaji wangu ulikuja baadaye. Kila bajaji kijiweni ilikuwa inameremeta, nami sikutaka kubaki nyuma. Nikaweka taa mbili nyeupe juu ya paa, nikazungushia vijitaa vya bluu ndani ya turubai, na vingine vyekundu chini ya kiti cha abiria. Bajaji ikawa kama duka la simu. Vyote nikaviunga kwenye waya wako ule ule, kwa sababu ulikuwa karibu. Fyuzi ikakatika. Nikaweka nyingine, nayo ikakatika. Mara ya tatu nikafanya kama nilivyoona wenzangu wakifanya: nikaizungushia ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Haikukatika tena, nikajiona nimekuzidi ufundi.

Jumapili ile nilikuwa nampeleka mama misa ya kwanza. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, nikawasha kila kinachowaka. Taa za juu zikageuza mbele yangu kuwa ukuta mweupe. Nilipokaribia mashine ya kusaga nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, halafu giza: waya ulikuwa umeyeyuka na kuunguza hata wa taa kubwa. Tairi likaingia mtaroni, bajaji ikalala ubavu, na mama akaangukia mkono wake. Hakupiga kelele. Aliuliza rozari yake iko wapi.

Madereva wa kijiweni wakaja mbio. Mmoja akauliza, "Hizi taa alifunga nani?"

Nikajibu, "Kaka."

Neno moja, kaka, nami nikaliacha hapo. Ulifika umevaa kandambili, ukamtazama mama kwanza, kisha ukafunua kifuniko cha fyuzi. Niliona macho yako yalipotua kwenye fyuzi. Ukaichomoa na karatasi yake, ukaitia mfukoni, ukasema, "Tumpeleke mama hospitali." Hukuongeza kitu siku hiyo wala siku nyingine.

Baada ya hapo watu wakaacha kukuletea kazi. Wakakuita fundi aliyemvunja mama yake mkono. Wengine wakasema ni mkono wa mtu, maana Sumbawanga hii hata betri ikifa anatafutwa jirani aliyeiroga. Mimi nilikuwa nakaa nao palepale kijiweni, naitikia kwa kichwa. Ulipokuja kuaga kabla ya kwenda Muze, nilichutama nikakupigia makofi ya heshima kama tulivyolelewa, nawe ukayapokea taratibu mpaka mwisho. Laiti ungekataa kuyapokea.

Wiki iliyopita nilimwambia mama ukweli. Mkono wake umepona, ila kusonga ugali wa ulezi bado kunamshinda, na kumwona akihangaika na mwiko ndiko kulikonifungua mdomo. Aliweka mwiko chini.

"Mbona unaniambia mimi? Mimi nilimlaumu Deo lini?" akasema. "Nenda kaseme kulekule ulikosemea."

Hapo ndipo nilipokuwa nimekusudia kuishia na kukuomba radhi. Lakini leo asubuhi nimeisoma barua hii kijiweni, nimesimama mbele yao, kwa hiyo naongeza. Hakuna aliyenizomea. Yule aliyeuliza siku ile nani alifunga taa aliinuka, akaenda kwenye bajaji yake, akafunua kifuniko na kuanza kubandua karatasi ya kung'aa kwenye fyuzi. Wengine wawili wakaenda kwenye za kwao. Kisha mmoja akaniuliza unarudi lini.

Kaka, nisamehe. Nilikutupia kosa langu mbele ya watu nikakuacha ulibebe peke yako. Zile taa zangu zote nimezing'oa, na za njano bado ziko chini ulipoziweka. Lakini sikuombi urudi kwa ajili ya taa. Umenigombeza tangu nikiwa mdogo, kwa kuvunja vikombe, kwa kuchelewa shule, na siku niliyostahili kuliko zote ukanyamaza. Kimya hicho kimenilemea. Njoo unigombeze mbele yao wote, kwa sauti, mpaka uchoke, halafu twende tukamsongee mama ugali.

Ni mimi,
mdogo wako uliyemfichia kosa lake.