Jina la Mama Limekataa

Hosiana mwanangu,

Asubuhi hii nimekosa miwani, nimekosa chumvi, nimekosa nywila ya kompyuta, na nimekosa mtu wa kumuuliza.

Michembe ya viazi ipo kwenye sufuria ndogo. Kuku wameshakula, usiwape tena.

Wasifu wa mama yako, niliouchapa wiki tatu kwa vidole viwili, umefungiwa humo kwenye kompyuta tangu ulipobadilisha nywila. Mjomba wako Athanas atausoma Jumapili kwenye misa ya mwaka mmoja tangu atutoke, kwao Geita, maana miguu yangu haiwezi safari hiyo. Nilipokupigia ulisema, "Baba, nywila si ni jina la mama tu! Niko kwenye kikao," ukakata.

Nimeandika Paskalina. Nimeandika Mama Hosiana. Nimeandika Ng'wana Maduhu, binti wa Maduhu, nilivyomwita tangu tuoane. Yote yamekataliwa, na sasa mashine imejifunga. Kumbe mlikuwa na jina lenu la kuitana humu ndani, wewe na yeye. ~~Ungeniambia mapema.~~ Ukirudi uniambie, nami nilijue.

Usidhani nimeshindwa. Kompyuta nilijifunza darasa la jioni nikiwa na miaka sabini, na cheti ninacho. Wasifu nimeuandika upya kwa mkono, kurasa nne. Humo nimemwita Ng'wana Maduhu mwanzo hadi mwisho.

Gundi imekauka, hivyo bahasha nimeifunga kwa ugali. Naenda stendi sasa hivi kumkabidhi kondakta wa basi la Geita la saa nne.

Baba yako