Baba Anayevaa Leso

Dar es Salaam
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimekalia mito, maana kiti kisicho na mto bado kinaniumiza. Mgongo wako umetulia? Majani chai yamerudi, au mnachuna kikapu nusu bado? Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo makusudi ili usikae ukingoja neno baya. Wifi, wewe unayemsomea, rudia hapo umsomee tena: ni mzima kabisa.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei tangu nikwambie nimejiandikisha kukimbia kilomita arobaini na mbili. Dereva anayetuletea vinyago vya mawe kutoka Tabaka anarudi kesho, atapitia hapo nyumbani Birongo na barua hii. Na Kiswahili hiki ni kwa ajili ya wifi, Mkamba wa watu. Kikisii chetu anakisikia lakini kukisoma kunamtoa jasho.

Maneno yako ya mwisho ninayo. "Mtu hukimbia akifukuzwa, au akienda kuita watu. Wewe unafukuzwa na nani? Ukianguka kama mzee wetu, usiniite mimi." Ukakata simu. Nilikasirika, sikufichi. Daktari ndiye aliyesema presha imepanda nisogeze mwili. Nikaanza kutembea alfajiri, nikihema kama ng'ombe anayepandishwa lori, kidogo kidogo nikawa nakimbia na kikundi cha akina mama wa mtaani. Dukani nakaa na mawe siku nzima, chumbani niko peke yangu. Kule barabarani tunataniana, tunacheka, na nikirudi hata chai ya rangi inanoga. Hiyo furaha ndiyo nilitaka kukupa siku ile.

Basi Jumapili ikafika. Umbali wenyewe ni kama kutoka nyumbani mpaka sokoni Daraja Mbili, urudi, halafu ukumbuke umesahau chumvi uende tena. Huku wakisikia natoka Kenya wanasema, "Ah, dada, wewe si utatuacha!" Nawaambia mimi Mkisii jamani, wakimbiaji wako upande mwingine wa nchi. Hawasikii. Nami nikavimba kichwa, nikatoka kwa kasi isiyo yangu, na jua la Dar likanishughulikia.

Mwisho ulipokaribia miguu ilikataa. Nikakaa chini pembeni ya barabara, kifua kinadunda, nikamuona mzee wetu aliyenizaa alivyolala siku moyo ulipomsimama, kati ya michai na kikapu mgongoni. Nikasema ndiyo hivi. Nikapiga ukelele, "Baba! Baba!"

Wifi, hapa usicheke. Huku baba ni yule mwenye ndevu. Wangejuaje kwamba kwa Kikisii chetu "baba" ni mama?

Nesi akaja mbio. "Dada, baba yako yuko wapi? Naye anakimbia?"

"Yuko shambani," nikasema.

"Amevaa nini, tumtangaze kwenye spika?"

"Leso."

Na huku, Mama, leso yetu ya kujifunga wanaiita khanga; leso kwao ni kile kitambaa cha kufutia kamasi.

"Leso peke yake?"

"Na gauni la bluu."

Nikamsikia akimnong'oneza mwenzake, "Huyu jua limempanda kichwani. Baba yake anavaa gauni!"

Nilicheka, Mama. Nilicheka mpaka machozi, na machozi yakawa ya kulia kweli, wakanimwagia maji, wakanifunga mashine ya presha mkononi. Nesi akaitazama, akaitazama tena. "Mbona iko vizuri? Moyo wako hauna neno, dada. Umekosa maji tu." Ile hofu niliyobeba tangu tumzike mzee ilinishuka palepale. Wakaninywesha maji yenye chumvi na sukari, nikapumzika, wakanipima tena, nikaruhusiwa kuendelea kwa kutembea. Nilifika mwisho wakikunja mahema. Mama mmoja aliyekuwa akifagia akaweka ufagio chini akanipigia makofi, na sidhani aliyeshinda alifurahi kuliko mimi.

Katika kutembea kule ndipo nikakuelewa. Siku ile ya mzee wewe ndiye uliyekimbia, bila viatu, mpaka barabarani kuita watu, na gari lilipopatikana alikuwa ameshatuacha. Tangu hapo sijakuona ukikimbia, hata mvua ikikuta nguo kwenye kamba. Kumbe ukisikia mbio unasikia siku ile, nami nikadhani ni ukali wako tu. Sijui kama kuna mtu aliwahi kukwambia, kwa hiyo nakwambia mimi: ulikimbia vya kutosha, Mama. Hakuna ambaye angekimbia kukuzidi.

Nisalimie kaka yangu, na yule jirani anayekubebea majani mpaka kituoni. Mchungaji mwambie ilikuwa Jumapili, Sabato yetu ya Jumamosi sikuigusa. Medali imo ndani ya bahasha hii. Shangazi wa ndizi pale Daraja Mbili mwambie si dhahabu, asianze kuitafutia mnunuzi. Nawe wifi, asante kwa sauti yako.

Mama, ulisema nikianguka nisikuite. Nimekuita, tena mbele ya umati, nikainuka. Jumamosi jua likizama nitapiga simu.

Pokea, Baba.

Binti yako,
Kemunto