Kulungu Aliyetoka Uzioni

Kaka yangu mpendwa Milburn,

Pokea salamu zetu sote, na natumaini baridi ya Alaska haijakugandisha masikio. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama bado linamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake mzima kabisa, na anauliza kama unakula chakula cha maana au unakula samaki tu kama paka. Mimi ni mzima pia. Ukiona mwandiko umepinda usifikiri naumwa. Ni furaha tu. Simu yako huko haishiki, na habari hii nikiikalia hadi urudi, nitapasuka.

Mvua ya mwezi wa kumi ilikuwa kubwa kuliko tulivyozoea. Kijito kilifurika, kikaleta gogo zima la mti, na gogo likapiga uzio wa bosi wangu, Mzee Dreyer, pale mpakani na shamba letu. Ule uzio unaujua: kulungu hata arukeje hauvuki. Ulilala chini kama mkeka. Na wa kwanza kutoka akawa Jenerali.

Jenerali hujawahi kumwona. Ni dume ambalo Mzee Dreyer alilizalisha mwenyewe, akalilisha na kulichanja, hadi likaota pembe zenye matawi mengi kama kinara cha kanisani. Lilikuwa limeshapata mteja wa kulipa aliwinde, daktari wa meno wa Dallas anayeitwa Thurman Pell, aliyelichagua kwenye picha kama mtu anavyochagua sofa. Kazi yangu ingekuwa ile ile ya siku zote: kumkalisha mgeni kibandani penye hita na kahawa, kungoja mashine imwage mahindi, kulungu waje, mgeni apige, nimpige picha. Krismasi iliyopita uliniuliza kama huo ni uwindaji, nami nikakuambia anayenunua nyama dukani anyamaze. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe.

Lakini Mzee Dreyer usimwone shetani. Asubuhi ile alisimama kwenye matope akiwa karibu kulia. Aliniambia nipakie magunia ya mahindi kwenye pikapu, nimwage mstari kutoka kijitoni hadi getini, kwa kuwa mnyama yule anaijua sauti ya mahindi kuliko sauti ya mama yake. Nikamuuliza, je, asiporudi? Akanijia juu:

“Arvella, wanyama wangu hawafi njaa wakati wa ukame. Hawagongwi na magari. Wanaishi vizuri, wanakufa bila kujua. Huko nje unafikiri ni peponi?”

Nikamwaga mahindi. Nguruwe mwitu wakaja wakayala yote, wakatuachia mavi.

Daktari Pell akafika katikati ya sokomoko hilo, buti mpya zinalia kwiki-kwiki, ananukia manukato kama bwana harusi. Bosi akamwomba radhi, akamwekea picha za madume mengine achague. Daktari hakuziangalia. Aliuliza Jenerali yuko wapi. Bosi akaonyesha ng'ambo ya kijito, kwenye mierezi yetu, akasema sheria ya huku ndiyo hiyo, mnyama akishakuwa kule si wake tena, ni wa yeyote mwenye leseni na ruhusa ya mwenye shamba. Kisha akacheka.

“Ila Daktari, kule hakuna kiti. Hakuna hita. Kuna miiba na nyoka.”

“Basi twende,” akasema Daktari, macho yanamng'aa kama mtoto aliyesikia shule imefungwa.

Nikampeleka kwa Mama kuomba ruhusa. Mama alikuwa anakata maboga barazani. Alimtazama kuanzia buti hadi kofia, akamwambia karibu, shamba ni kubwa, lakini punje ya mahindi isimwagwe humo. “Kwangu hatumwiti mtu chakula halafu tukamuulia mezani,” akasema. Daktari akawa mwekundu kama boga lenyewe. Mama akampa sabuni isiyonukia akaoge upya.

Milburn, ungetuona! Tulitambaa, tulichomwa, tulianguka. Daktari alitumbukia kijitoni na bunduki juu kama anabatizwa. Na mimi, mwongozaji maarufu, nilitupeleka upande unakotokea upepo, kila mnyama akatunusa na kutukimbia kabla hatujamwona hata mkia. Nilikuwa nimesahau upepo! Kibandani upepo wa nini? Jioni tulikula nyama ya Mama na viazi tukiwa tumechanika nyuso, na Daktari akasema hajawahi kufurahi hivyo tangu aoe, kisha akaomba nisimwambie mkewe.

Kesho yake tulimpata. Tulipoinuka kwenye kilima cha mawe, Jenerali alikuwa chini yetu peupe, jua limempiga kwenye pembe. Daktari akapiga goti, akaweka bunduki begani. Nami nikakanyaga kijiti, ta!

Jenerali akainua kichwa, akatuona. Hakukimbia. Alianza kuja. Alikuja taratibu, masikio mbele, anaangalia mikono yetu. Alikuwa anatafuta gunia, kaka. Kwake binadamu ni mahindi. Akafika karibu hadi nikaona unyevu wa pua yake.

Daktari akashusha bunduki. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akanong'ona, “Dada, huyu anafikiri nimemletea chakula.” Halafu akasimama wima, akapunga mikono, akapiga kelele:

“Kimbia, mjinga wewe! Kimbia! Mimi ni mtu mbaya!”

Jenerali akasimama kumshangaa. Daktari akamtupia kofia, Jenerali akainusa. Ndipo Daktari akageuka, akafyatua risasi kwenye ukingo wa udongo kandoni. Mlio ulijaa bonde zima. Jenerali aliruka juu kama amechomwa moto, akatoweka kwenye mierezi, mawe yanaporomoka nyuma yake. Sisi tulikaa chini tukacheka hadi machozi, na yangu mengine sijui kama yalikuwa ya kicheko.

Bosi alisikia mlio, akaja mbio na kamera. Daktari akamwambia, uso mkavu, kwamba amekosa.

“Kutoka hapa?” bosi akauliza akitazama nyayo. “Hapa bibi yangu angempiga kwa mwiko!”

“Jua lilinipiga machoni,” akasema Daktari.

Alirudi Dallas mikono mitupu. Tangu hapo ananipigia kila mara, kabla hata ya kunisalimia anauliza: umemwona?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hapa nyumbani Mama tu ndiye anayelijua. Kwa Mzee Dreyer nimeacha kazi. Nilimwendea mwenyewe, nikamweleza kilichotokea kilimani, kwamba Daktari hakukosa, na kwamba kila nikisikia ile mashine ikizungusha mahindi nayaona yale masikio yakija mbele. Nilimwambia kuna wageni ambao miguu haiwabebi, hao sitawalaumu kwa kibanda, lakini mimi miguu ninayo. Akaniambia nimekuwa mpumbavu, akanipa mkono, akaushikilia.

Na leo asubuhi, kaka, nilichukua bunduki ya Baba nikapanda kilimani peke yangu, upepo usoni. Sitakudanganya kwamba nilimhurumia Jenerali. Nilimtaka. Nilitaka kujua kama naweza kumpata bila mahindi. Nililala kwenye mawe hadi mwili ukafa ganzi, kisha akatokea kwenye ukingo wa miti, amekonda, ana kovu shingoni, na hakukaa peupe hata kidogo: hatua, anasimama, ananusa, hatua tena. Nikalenga. Nikafyatua.

Nikakosa! Mimi, ambaye wageni huniambia sikosi! Risasi ilimenya gome la mti juu ya mgongo wake. Nilikwenda nikakagua ardhi kila mahali, hakuna tone la damu. Kulikuwa na nyayo tu, zimechimba udongo kwa nguvu, zinapanda juu kule tusikokwenda hata sisi tulipokuwa wadogo. Nilisimama hapo nikapiga vigelegele peke yangu kama mwehu: Jenerali hatafuti tena gunia!

Msimu bado unaendelea. Daktari anakuja wiki ijayo na buti zake za zamani, Mama amempa chumba chako, kwa hiyo ukifanikiwa kupata ruhusa utalala sebuleni. Njoo. Wewe ulikuwa unajua kusoma nyayo kunishinda, na mimi sasa ni mwanafunzi.

Mama anakusalimu na kukuagiza uvae soksi mbili. Wasalimie wavuvi wenzako wa huko chomboni, nasi tunakuombea bahari tulivu.

Dada yako akupendaye, mwenye miiba hadi kwenye nywele,

Arvella